Asilale Njaa

3 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Watoto hawajambo, cherehani haijambo, na mimi sijambo nusunusu. Nusu iliyobaki anayo mdogo wako.

Nilikuwa nakuficha, sasa nimechoka kuficha. Anakunywa. Si kile kikombe cha Jumamosi unachokijua. Siku hizi akifunga karakana anasema anakwenda kununua misumari, na misumari yenyewe anarudi nayo tumboni. Akifika haingii hata chumbani. Anajitupa kwenye kochi la mteja, kochi jipya, nailoni bado iko juu ya kitambaa, na usingizi ni hapohapo, mdomo wazi. Chakula hagusi. Nakifunika jioni, asubuhi nakifunua kilivyo. Amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba ya kushonea makochi. Ukimsema anacheka: "Mama Watoto, fundi mnene atapenya vipi nyuma ya kochi?"

Halafu kifua. Akiamka anakohoa mpaka anashika ukuta. Anasema ni vumbi la sponji. Labda. Lakini mimi nashona vitambaa katika karakana hiyohiyo, navuta vumbi hilohilo, na sikohoi.

Nimembembeleza, nimelia, nimemwaga chupa. Nimemfungia mlango akatokea dirishani, mwanamume mzima na ndevu zake! Nimefika mwisho wa akili yangu, wifi. Wewe ndiye uliyemlea mama yenu alipofariki, wewe ndiye anayekuogopa. Niambie nifanye nini.

Wifi yako,
Mama Watoto

17 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisomea jikoni kwetu shuleni nikaunguza sufuria nzima ya viazi. Wanafunzi wamekula viazi vya moshi kwa ajili ya Kibonge. Wakiniita Mama Mwiko kwa dharau kuanzia leo, nitajua sababu.

Barua ya kumpa yeye nimeitia humu ndani. Msomee kwa sauti, akiwa macho makavu, na watoto wakiwa nje, maana nimemtukana kidogo.

Sasa nisikilize mimi niliyezaliwa na mlevi. Kinachommaliza mnywaji ni kulala na pombe kwenye tumbo tupu. Inamla utumbo kwa kukosa kingine cha kula. Baba yetu alipiga maji maisha yake yote na akazeeka vizuri, kwa sababu mama hakukubali alale njaa. Mama alipoondoka nikaishika kazi ile mimi, na kiuno changu kilikuwa bado hakijafika kwenye meza.

Fanya hivi. Pika supu nzito au uji wenye maziwa, usiwe wa moto. Akishajitupa kwenye hilo kochi lake, keti, mwinue kichwa, mlaze kwenye mkono wako kama mtoto. Mtie kijiko. Msugue koo kwa kidole polepole, atameza mwenyewe hata macho hajafungua. Akikaza meno, mbane mashavu. Usimwonee huruma, akipaliwa mpige mgongoni uendelee. Bakuli zima, wifi, mpaka uone chini.

Kunywa ataacha Mungu akipenda. Kula asiache. Yule mtoto nilimpokea mifupa mitupu, nikamnenepesha mpaka mtaa mzima wakamwita Kibonge. Usinirudishie mifupa.

Dada yenu,
Mama Mwiko

30 Machi

Wifi mpenzi,

Kazi yako naifanya kama ulivyoniagiza, na mwanzoni kidogo nikuandikie barua ya kukushukuru. Mashavu yalianza kurudi. Mwenyewe hakumbuki kitu. Asubuhi anauliza, "Nani kanipaka uji kwenye ndevu?" Watoto wanaanguka kwa kucheka.

Siku za kwanza alikuwa anapaliwa, nampiga mgongo kama ulivyosema. Siku hizi hata hapaliwi, kinateremka tu chenyewe. Nikajua amezoea.

Lakini sasa ana homa, wifi. Inakuja jioni, inamtikisa mpaka kitanda kinalia. Kikohozi kimegeuka, anatoa makohozi yenye harufu, samahani kukuandikia hivi na wewe ni mtu wa jikoni, harufu ya kitu kilichooza. Nimetundika mapazia mlangoni kuzuia vumbi la sponji lisiingie chumbani. Nimemfunga kitambaa puani akiwa kazini. Haisaidii. Zahanati wamempiga sindano wakakata tamaa, wanampeleka hospitali ya rufaa. Mimi siwezi kwenda naye, nina seti ya makochi haijashonwa na mteja kila siku yuko mlangoni. Kaka yangu ndiye atakayemsindikiza.

Sijui la kufanya zaidi. Niombee.

Wifi yako,
Mama Watoto

2 Mei

Mke wangu,

Fundi wako yu hai. Wodi yetu ni wanaume watupu, tunakohoa kwa zamu, na asiyekohoa tunamwamsha tuone kama bado yupo. Chakula kibaya. Muuguzi mmoja mkali kama dada, nadhani walisoma pamoja.

Nina jipu ndani ya pafu. Upande wa kulia, chini. Wananipiga sindano asubuhi na jioni, kisha wananilaza kichwa chini miguu juu ili usaha utoke, kama kochi linalobadilishwa springi. Unatoka. Leo nimevuta pumzi mpaka mwisho kwa mara ya kwanza toka nije.

Sasa soma haya peke yako. Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Akaniuliza, unakunywa? Nikasema kidogo. Akanitazama. Nikasema kidogo cha kila siku. Akauliza, na ukishalewa, unakula? Nikajibu kwa maringo, mama, mimi siku hizi silali njaa, watoto wananisimulia nikizima mke wangu ananilisha kwa kijiko mpaka bakuli liishe. Nilidhani atakusifu. Akaweka kalamu chini.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Mlevi akizima, koo nalo linazima. Mtu mzima wa akili akipaliwa anakohoa kitu kinatoka, lakini mlevi hakohoi. Kinachotiwa mdomoni kinateremka kwenye pafu kimyakimya, na matapishi vilevile, kinaoza humo. Na pafu la mnywaji haliwezi kujisafisha, pombe imeshalilegeza, wadudu wanafanya watakavyo. Nikamwambia, na vumbi la sponji? Akasema vumbi si zuri, lakini sponji haina maziwa.

Usilie. Najua unalia. Hukujua, na mimi ndiye niliyejaza kikombe.

Ninalokuomba ni moja. Dada asijue. Yule mwanamke aliacha shule anilishe mimi. Hakuolewa kwa sababu yangu. Hana kingine duniani anachojivunia ila kwamba alininenepesha. Ukimwambia kijiko chake ndicho kilichonitia jipu, utakuwa umemwua kabla yangu. Mwambie ni vumbi.

Tupatane. Wewe unanyamaza, mimi naacha pombe. Naacha kabisa, naapa kwa watoto.

Mumeo,
Fundi

9 Mei

Fundi,

Barua yako nimeisomea chooni, ndiko kwenye komeo. Nimelia ndiyo, ulitaka nicheke? Mkono wangu huu. Nilikuwa nakufuta mdomo baada ya kila kijiko.

Nina hasira na wewe kuliko ninavyoweza kuandika. Unaumwa wewe, unalewa wewe, halafu mimi ndiye wa kubeba siri. Dada yako ataniuliza, na mimi sijui kusema uongo, uso wangu unanisaliti. Bahati yako nasema naye kwa barua.

Haya. Nimekubali. Nanyamaza mpaka kaburini, lakini wewe chupa usiiguse. Ukiigusa, nami sina deni.

Kochi la daktari wa meno nimelimaliza peke yangu, nikalipigilia mwenyewe. Limekaa upande. Rudi.

Mkeo

20 Mei

Wifi mpenzi,

Mdogo wako amerudi nyumbani, pafu linapona. Hospitali wamesema ni vumbi la sponji. Na furaha kubwa zaidi: ameacha pombe.

Wifi yako,
Mama Watoto

12 Juni

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, mwanamke wa shoka!

Nimepiga vigelegele mpaka mwalimu wa zamu akaja mbio akidhani nimeungua. Ameacha! Nilikwambia au sikukwambia? Tumbo likishiba pombe inakosa pa kukaa. Nimewasomea barua yako wenzangu wote jikoni, na mmoja mwenye mume wa namna hiyo ameniomba nimwandikie jinsi ya kupika ule uji.

Vumbi hilo lipigeni vita. Fungueni madirisha, mwagieni maji sakafu. Na kijiko usikiweke chini hata kama hahitaji tena kulishwa. Mgonjwa ni tumbo.

Dada yenu,
Mama Mwiko

15 Agosti

Wifi,

Barua zako nimezipata zote, nisamehe kuchelewa kujibu. Tuko salama. Kazi nyingi. Mdogo wako anakusalimu, jioni huwa anachoka sana hawezi kuandika.

Wifi yako

28 Agosti

Wewe,

Sikuiti wifi mpaka unieleze. Mnunuzi wa mkaa wa shule yetu amepita huko kwenu, amemwona mdogo wangu kwa macho yake. Anasema ni mifupa iliyovaa shati. Na amekuona wewe, wewe mwenyewe, jioni, unamnyang'anya sahani mkononi na kuipeleka ndani, naye amekaa kwenye kochi anakutazama tu.

Nimekukosea nini? Nilimwacha mikononi mwako ana shavu. Mgonjwa anakula kidogo, na hicho kidogo unampokonya? Kama chakula kimepungua ungesema, ningetuma. Kama umemchoka ungesema pia, ningekuja kumchukua. Kumshindisha mtu njaa ndani ya nyumba yake, hilo sijapata kulisikia.

Wanafunzi wakifunga shule nakuja. Nitamlisha mwenyewe.

Dada yake

5 Septemba

Dada,

Nakuita dada kwa sababu wifi umenikataza. Naapa mbele ya Mungu simshindishi njaa. Asubuhi anakula, mchana anakula, namkalia kichwani mpaka amalize. Ni jioni tu. Kuna dawa amepewa, zinamlegeza sana jioni, na zinataka tumbo tupu. Ukimkuta amelegea, ni hizo dawa. Ukija, nakupigia magoti, jioni usimpe kitu. Hata maji. Nipige, nitukane, lakini hilo nisikilize.

Afadhali ungesubiri kidogo ndipo uje. Karakana imejaa, pa kulala hapatoshi.

Wifi yako, utake usitake

19 Oktoba

Wifi yangu,

Nimefika salama. Toka nirudi kumzika Kibonge hakuna anayenisemesha jikoni, wananipa vitunguu vya kumenya ili niwe na sababu ya machozi.

Kwanza nisamehe maneno ya barua ile. Nimekuona kwa macho yangu ulivyomuuguza siku zile za mwisho, hukuketi. Nilikukosea na sitasahau.

Lakini kuna jambo linanitafuna. Siku ile ulipokwenda kupeleka makochi ya mteja, mimi nilishinda naye vizuri, tulicheka. Mchana akaenda kununua misumari. Jioni nikamkuta kwenye kochi, amelegea hata jina haitiki, nikajua ndizo zile dawa. Harufu niliisikia nikadhani ya gundi, karakana yenu yote inanuka hivyo. Nikamtazama yale mashavu, wifi, nikashindwa. Nikasema dawa gani zinakataza supu? Nikamlaza mkononi mwangu kama zamani. Alimeza kila kijiko, hakukohoa hata kidogo, bakuli zima. Nilimwimbia. Nilikuficha uliporudi kwa sababu ulikuwa umeniomba. Kesho yake homa ikaanza, na baada ya hapo unajua wewe.

Je, supu iligombana na zile dawa? Niambie kweli. Daktari alikuita pembeni pale wodini, nilikuona, na ulirudi ukasema "vumbi" bila kunitazama. Mwenyewe najiambia haiwezekani, chakula hakijapata kumdhuru mtu. Najiambia angalau alikwenda ameshiba, tena kwa mkono wangu. Hilo ndilo linalonipa usingizi.

Na nimepata kazi ya kunisahaulisha. Mlinzi wetu wa getini, baba wa watoto wadogo, anakunywa mpaka anadondoka kwenye kibanda chake. Mkewe kaja kwangu analia. Nimemfundisha yote: kichwa mkononi, kidole kooni, bakuli zima. Supu napika mimi mwenyewe. Nimesema kama sikumwokoa Kibonge na vumbi, huyu nitamwokoa na njaa.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Mama Mwiko

24 Oktoba

Dada yangu,

Kama uko jikoni, toka. Tafuta mahali ukae.

Barua hii nimeichana nikaianza upya mpaka karatasi zimeniishia, hii ni ya daftari la mtoto. Nilitaka nikuambie nusu, nikuambie tu mlinzi asilishwe, basi. Lakini ungeuliza kwa nini, na hakuna kwa nini nyingine. Nilimwahidi Fundi kwamba nitanyamaza mpaka kaburini. Nimekaa juu ya kaburi lake jana nikamwambia siwezi.

Hakukuwa na dawa za kumlegeza. Ilikuwa pombe. Aliacha kwa muda baada ya hospitali, aliacha kweli, nilimwona anavyotetemeka. Halafu akarudia. Nikamfungia, akatoka. Nikamfuata, akanikimbia. Asubuhi ananishika miguu analia, jioni hayupo. Kitu kimoja tu nilikiweza: akirudi amelewa nisimpe chakula, nimlaze ubavu, nikae nimsikilize anavyopumua. Ndiyo ile sahani mnunuzi wa mkaa aliyoiona. Siku ile asubuhi alikuwa hajanywa, akaniambia nenda na makochi, dada yupo. Nikaenda.

Mlevi aliyezima hawezi kukohoa. Chakula kinaingia kwenye pafu, kinaoza. Lile jipu la kwanza lilitokana na hicho, daktari alimwambia, naye akaniapisha nisikuambie, kwa sababu alikupenda kuliko pumzi yake. Nimonia ya mwisho ni hivyohivyo. Hilo ndilo nililoitiwa pembeni. Vumbi lilikuwa maneno yetu.

Dada, mimi nilimlisha jioni nyingi, wewe moja. Usijibebeshe peke yako. Na pombe hatukuimimina sisi. Haya yote nimejiambia na hayajanisaidia, lakini nakuandikia labda wewe yatakusaidia. Ningeweza kuvumilia unichukie maisha yangu yote kwa ile sahani. Ningekufa nayo. Lakini umemtaja mlinzi, tena ana watoto wadogo.

Nenda kwa mkewe leo. Mume akiwa amelewa asimtie kitu mdomoni, supu wala maji wala dawa. Amlaze ubavu, kichwa kielekee chini kidogo, akae naye. Akishindwa kumwamsha, au akisikia anakoroma kwa kugugumia, akimbilie hospitali. Akizinduka, akikaa mwenyewe, akitaja majina ya watoto wake, ndipo ale. Mwache alale njaa, dada. Nakuomba.

Wifi yako

2 Novemba

Wifi,

Barua imefika. Nimeisoma mara moja, ya pili siwezi.

Kwa mke wa mlinzi nilikwenda siku hiyohiyo, aproni mwilini. Nimemwambia yote ya kumlaza ubavu na kutompa kitu. Bakuli lilikuwa tayari mezani, nimelimwaga mwenyewe. Kibanda chao kiko karibu na geti, siwezi kutoka bila kupita hapo, na kila nikipita ananishukuru. Mumewe bado anakunywa. Jana huyo mke ameniuliza, mama, wewe ni mpishi, mambo ya mapafu umejifunzia wapi?

Nikamwambia nilikuwa na mdogo wangu.

Dada